Ati Sikuwa na Mtu

Jumatatu, Ruring'u. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi sijatoka kitandani. Wenzangu wa hosteli nimewaambia ni homa.

Si homa. Ni aibu.

Jana chuoni kulikuwa na ibada ya wazazi, na viongozi wa Umoja wa Wanafunzi Wakristo waliniomba nitoe ushuhuda. Ushuhuda wetu mnaujua: giza likizidi, makofi yanazidi. Na giza ninalo la kutosha. Baba alituacha nikiwa mdogo, na mama akafariki nikiwa darasa la tatu, tukiishi chumba cha kupanga kule Majengo. Hayo yote ni kweli.

Kisha nikasema, "Sikuwa na mtu. Nilikuwa na Mungu peke yake." Watu wakasimama, wengine wakilia. Nakubali, nilisikia raha.

Na Mama Zuhura alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, na buibui lake na chupa ya chai. Mimi ndiye niliyemwalika.

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu. Mama alipozikwa alinichukua, nikalala kitanda kimoja na binti yake mpaka nikamaliza sekondari. Yeye ni Mwislamu, lakini hakuna Jumapili aliyoniacha nikose kanisa. Kila Jumamosi alinikalisha chini, kati ya magoti yake, akanisuka huku akinivuta mpaka machozi yananitoka. Alisema mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, na mtoto wake hataenda huko na nywele timutimu.

Kwa nini sikumtaja? Niliona lile buibui kule nyuma, nikaona wachungaji waliokaa mbele, nikaogopa hadithi yangu itapoteza utamu. Sababu ni hiyo tu, na inaninyima usingizi.

Nilipomfikia baada ya ibada, alinimiminia chai kwanza.

"Umeongea mzuri, Wanjiru," akasema. "Lakini huyo mtoto, kama ati hakuwa na mtu, nywele alikuwa anasukwa na nani?"

Akacheka. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nikainamia kikombe. Alifunga chupa yake akaenda zake. Leo nimempigia simu mara mbili, hajashika.

Mshauri wa wanafunzi huniambia kwamba nimefika hapa kwa sababu nina nguvu za ndani. Nguvu gani? Niliendelea na shule kwa sababu nikichelewa kurudi kulikuwa na mtu amesimama mlangoni, amenikasirikia.

Je, nikimpoteza huyo, si ndipo kweli sitakuwa na mtu?

Mwenyekiti wetu ametuma ujumbe. Wanautaka ushuhuda ule ule Jumapili, kwenye kanisa la Mweiga. Nimemjibu nitakuja.

Jumamosi nitaenda Majengo. Nitabisha mlango, niseme pole niliyoshindwa kuisema, halafu nikae chini, kama atanikubalia, nisukwe.

Na Jumapili nitaanza na nywele.