Mtani Ananisoma Mwendo

Jumamosi

Na mwezi bado haujaisha! Kocha amekwenda, mpiga ngoma amekwenda, leo tumemzika mkuu wa stesheni mstaafu. Watu wenye majina hapa Chemchem tunapukutika.

Msibani Bi Chausiku, mtani wetu Mzaramo, alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, kitambi mbele, mpaka mjane akacheka. Sawa, ndiyo kazi ya mtani.

Kisha akanijia mimi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Hebu tembea kidogo nikuone. Siku yako ikifika nisije nikakosea.”

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaaga haraka. Naogopa kufa, sitaki uongo.

Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Nimerudi nyumbani nikichechemea kwa wa kulia. Aanze upya kujifunza.