Ndiyo Iliyobaki Ndani ya Simu

"Anayekupenda kwa kweli hanyamazi, akinyamaza, umeshajibiwa." Hivyo ndivyo ulivyomwambia msomaji mmoja katika safu hii majuma mawili yaliyopita, mshauri mpendwa, na mimi ninaomba msaada wako lakini kwanza ninakupinga, kwa sababu nilimpenda mtu nikamnyamazia bila kujua kwamba nimenyamaza, na ushahidi ninao hapa mezani, una vitufe.

Mwaka 2010 nilikuwa karani wa oda katika kampuni ya maua hapa Ruiru, wakanipa simu ya kazi, ile nene yenye herufi zote kwenye vitufe vidogo kama punje za mahindi, ili niwajibu wanunuzi wa ng'ambo kwa barua pepe hata nikiwa katikati ya waridi, na siku hizo ukifungua barua pepe kwenye simu watu walikusogelea kutazama. Nikamwomba Sifuna, fundi wa kompyuta pale ofisini, aniwekee na anwani yangu binafsi, maana mpenzi wangu Muoki (si jina lake) alikuwa mjenzi Juba, na kumpigia kulikuwa ghali na laini ilikatika kila dakika. Barua zake ziliingia vizuri. Za kazi zilitoka vizuri. Ningeshuku nini?

Mwezi wa kumi, wiki ile ile niliyowekewa anwani, akaandika: "Wangechi, Desemba tarehe kumi na moja nitakuwa likizo. Nije kwenu Kamenu na wazee wangu, au nisije? Usiponijibu nitaelewa." Nilijibu siku hiyo hiyo: "Njoo. Njooni mapema, mama hapendi wageni wa jioni." Wiki mbili baadaye akaandika, "Bado nangoja neno lako," nami nikakasirika, nikasema huyu mwanaume anataka aimbiwe ndiyo mara ngapi, na badala ya kupiga simu nikamwandikia aya saba za kumfundisha kusoma, nikabonyeza tuma, nikarudisha simu mfukoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi hiyo ya tarehe kumi na moja mama alipika mukimo wa kulisha ukoo mzima, mbuzi akachinjwa, wajomba wakaketi na makoti yao. Kufika saa kumi mjomba Kahiga akaniita: "Wangechi, hawa wageni wako wanakuja kwa miguu kutoka kwao Machakos?" Watu wakacheka. Hakuna aliyekuja. Jumatatu nikamwandikia Muoki matusi ambayo hata leo sitayarudia, na sikumpigia, kwa sababu mwanamke aliyeaibishwa mbele ya wajomba zake hapigi simu, na sikuolewa, na nilimchukia kwa bidii miaka yote hii kama mtu anayelima shamba.

Mwezi uliopita nilikuwa nikihama nyumba hapa Kimbo, nikaikuta ile simu, nikaipeleka kwa fundi mjini Thika akaitafutia betri. Ikawaka. Barua zangu zote kwa Muoki zilikuwa mle, zikingoja kutumwa. Fundi akaangalia, akaniambia, "Mathe, hii anwani yako iliwekwa kupokea peke yake. Upande wa kutuma haukujazwa. Hakuna kitu imewahi kutoka."

Dada yangu Ciku anasema, "Wee, tupa hiyo kitu. Ya kale hayanuki." Lakini nimeambiwa Muoki ana duka la chakula cha mifugo Murera na mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, nami nilikwenda, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikamwona akimpimia mama mmoja pumba, amenenepa, bado anakunja mkono mmoja tu wa shati, wa kushoto, na mimi ambaye sijawahi kukosa maneno katika mkutano wowote nilirudi nyumbani bila kuvuka. Nimpelekee simu asome mwenyewe? Nimtumie barua hizo leo? Au nimwache na kovu lake?

Wangechi, Kimbo

Wangechi, ugomvi wako nimeupokea, na umeshinda nusu. Nilikosea kukifanya kila kimya kuwa jibu. Lakini nusu ya pili siiachii. Ulikuwa na namba yake! Mtu anakuuliza jambo lile lile mara ya pili, wewe unamwandikia aya saba. Kwa barua zote ulizojibu kazini, dada, hukukutana na mtu anayeuliza tena kwa sababu hakusikia? Sifuna alisahau kujaza sehemu moja. Kiburi ulikijaza wewe. Naye Muoki hana haki ya kujisifu: ukimuuliza mtu kuhusu ndoa, huandiki "usiponijibu nitaelewa." Unauliza mpaka usikie sauti.

Shukuru kwa jambo moja: matusi nayo yalikwama.

Ciku mwambie methali yake ni ya mambo yaliyokwisha. Swali lisilojibiwa halijawa la kale.

Sasa nisikilize. Barua usitume. Simu iache nyumbani; huendi mahakamani, na ukifika na ushahidi utaanza kubishana, nakujua kwa kurasa mbili tu. Nenda Jumamosi asubuhi. Safari hii vuka barabara. Mwambie: "Muoki, nilikujibu ndiyo. Haikukufikia. Ulipouliza tena sikupiga simu, na hilo ni kosa langu." Kisha funga mdomo. Itakuwa kazi ngumu kuliko zote ulizowahi kufanya, ifanye. Usimuulize kama bado anakupenda. Akisema asante na kurudi kwenye mizani yake, mtakie heri uende. Amezika mke, ana maisha aliyoyajenga bila wewe, na hakudai chochote. Lakini akikuuliza, "Na sasa?", mjibu hapo hapo, kwa mdomo, kwa neno moja.

Nawe mwenye duka la chakula cha mifugo kule Murera, unayesoma gazeti hili juu ya gunia: Jumamosi usimwachie mtu mwingine duka. Atakuja mwanamke asimame mlangoni akose la kusema, na huyo si mtu wa kukosa la kusema. Mpe kiti.