Taa ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Meneja kaingia chumba cha kufungashia biskuti, katazama juu, kaniita. Utando wa buibui umejaa kwenye mapao! Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Ngazi ndefu ya kukodi hakuna, dawa ya kupuliza marufuku juu ya chakula. Nikiweza, mkataba wangu wa usafi wa miezi mitatu unageuka ajira ya kudumu. Nikishindwa — hakumalizia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeunga mabomba mawili ya plastiki, nikafunga gunia lenye unyevu kwenye ncha. Mashine tulizizima, tukazifunika. Shingo yauma, ila juu kweupe! Mama Watoto wangu, anayefungasha humu humu zamu ya jioni, kaniita fundi wa mbinguni.

Ijumaa, 7 Machi
Buibui wamerudi. Siku mbili tu! Sikai wala sisimami. Nimezunguka jengo mara nne. Wanajazana upande wa mlango wa nyuma, kwenye ile taa nyeupe kali: taa inaita wadudu, wadudu wanaita buibui. Nikamwambia meneja tuizime. Kanipiga bega. Balbu ya manjano ingefaa pia, nilijua. Lakini hiyo inanunuliwa, na mimi nilitaka kumwambia haigharimu kitu.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna utando. Wanawake wa zamu ya jioni wananung'unikia giza. Nimejitia kiziwi. Mama Watoto kauliza siri ya mapao safi. Nikasema gunia.

Alhamisi, 13 Machi
Jana akitoka kazini Mama Watoto ametumbukia mtaroni, pale pale mlango wa nyuma. Mkono umevunjika, wamemfunga plasta. Asubuhi nilikuwa namvisha viatu, akasema, "Huyo mjinga aliyezima taa, nikimjua atanitambua."
Nikaendelea kufunga kamba.
Nimemwomba meneja taa iwashwe. Kasema tusubiri wakaguzi wapite. Halafu akatabasamu: kesho ana neno zuri juu yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika stoo, juu ya ndoo. Zamu zote zimekusanywa. Meneja katangaza atamtaja hadharani aliyebuni kuzima taa, ampe na barua ya ajira. Nimemsihi asinitaje — kacheka, eti niache kuona haya.
Mama Watoto ana ruhusa ya kupumzika. Amekuja hivyo hivyo, na plasta yake, amwone huyo mtu kwa macho yake. Kakaa mstari wa mbele. Kaniwekea nafasi kando yake.