Viwanja Vitatu Ulivyoniuliza

Kwako mdogo wangu, Masikio,

Pokea salamu kwanza, kabla sijaingia kwenye maneno mengine, kwa sababu nikishaanza maneno salamu huwa nazisahau, unanijua. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anainuka kitandani kwa awamu? Watoto wako najua wazima, maana wangekuwa na shida wangekuwa wamenipigia. Mimi huku sijambo. Macho yananidanganya kidogo na magoti yamegoma, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote, na anayeandika barua hii ni shahidi. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, yule fundi cherehani. Ameacha gauni la watu mezani, mkono mmoja umeshaunganishwa na mwingine bado, ili aniandikie mimi. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asininyooshe. Amecheka. Na hilo liandike, mkwe.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Kwenye simu wewe unanikatiza. Nikivuta pumzi tu, unasema haya dada, tutaongea, na mimi nabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika mlango wa basi lililoondoka. Safari hii nataka nifike mwisho kabla hujasema neno.

Ujumbe wako mkwe alinisomea mara mbili. Unasema bosi wako Daktari amestaafu, na yeye na wenzake watatu wanataka wiki nzima kando ya bahari wacheze gofu, na wewe dereva wake ndiye utakayewaleta. Unaniuliza viwanja vipi vya huku vinafaa, kwa kuwa dada yako amefanya kazi kwenye vyote vitatu. Hapo nilicheka mpaka nikatafuta kitambaa. Mimi fimbo niliyowahi kushika ni ya kufukuzia mbuzi. Lakini haya, umeuliza, nitajibu. Nimeviinamia vyote vitatu, na mtu aliyeyainamia majani miaka mingi anayajua kuliko wanaopita juu yake na viatu vya misumari.

Kiwanja cha kwanza ni kile cha Jabali, kule juu ambako bahari unaiona chini ya miguu yako. Pale nilikuwa kwenye dobi la hoteli, miaka kumi na mmoja. Wachezaji nilikuwa nawajua kwa nguo zao. Suruali ikija na magoti ya udongo, huyo mpira wake ulilala vichakani siku nzima. Ikija na chumvi mpaka kiunoni, huyo aliufuata baharini, mbishi. Ni kiwanja kizuri sana, wageni hulia wakiondoka. Kuna shimo lao la kumi na nne ambapo mtu anapiga mpira uvuke maji kutoka jabali moja hadi jingine, na wengi hupiga, wakasimama, wakautazama unavyozama, kisha wakaangalia fimbo kana kwamba fimbo ndiyo iliyokosa. Vyumba ni visafi, shuka nilizifua mimi. Lakini ni milima mitupu. Na ulisema Daktari ana goti bovu. Daktari wa mifupa mwenye goti bovu, jamani, ni kama mkwe wangu hapa anavyotembea na pindo lililofumuka. Ameangalia pindo. Basi, kwa Daktari, Jabali siku moja tu, na asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Cha pili ni kile kipya cha Mabwawa. Tambarare kama meza, kuna vigari vidogo vya kuwabeba, goti halitakuwa na la kusema. Pale niliuza chai kwenye kibanda karibu na shimo la tisa, miaka miwili, mpaka magoti yangu mimi yakakataa kusimama. Waambie chai ya shimo la tisa wasiikose, ingawa aliyenirithi anabania sukari. Kasoro yake ni kunguru. Kunguru wa pale huiba mipira wakidhani mayai. Mpira unatua, kunguru anashuka, ameondoka nao. Ila wana utaratibu mzuri: wote wameona, basi mwenye mpira anaweka mwingine palepale na mchezo unaendelea. Kunguru akichukua hakuna anayelaumiwa. Nilikuwa nawasikia wakicheka, nami namimina chai nje ya kikombe. Siku moja mteja aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni macho.

Wakae huko siku tatu, watafurahi.

Sasa cha tatu. Ulimalizia ujumbe wako kwa kusema cha Mnara nisihangaike nacho, na kwamba wakitaka kwenda huko utawashusha langoni nawe utakaa kwenye gari. Mkwe aliposoma hapo nilimwambia arudie. Miaka thelathini na minane, na bado utakaa kwenye gari.

Nakijibu hicho pia. Cha Mnara ndicho bora kuliko vyote. Ni cha zamani, majengo yamechakaa, bomba la maji kwenye vyoo linapiga kelele kama ng'ombe. Lakini yale majani mafupi yanayozunguka shimo, sisi wanawake wa magugu tulikuwa tukiyaita zulia, hakuna zulia kama la Mnara. Na upepo wa pale una akili. Unautuma mpira baharini, upepo unaurudisha. Haya sikuyajua mimi, uliyajua wewe. Wewe ndiye ulikuwa unasimama pale wanapoanzia kupiga, mfuko wa fimbo begani, umefumba macho, unausikiliza upepo, kisha unasema namba ya fimbo. Walikuja watu kutoka mbali wakauliza Masikio yupo? Kama hayupo, wanangoja. Ulikuwa ni mtu mzima wa miaka ishirini na sita na mabwana wakubwa wanakuuliza wewe wafanye nini. Mama alikuwa akipita sokoni anatembea kwa mapana.

Na wewe ndiye uliyeniombea kazi pale. Mume wangu alikuwa amelazwa na kifua, watoto watatu, ukaenda kwa nyapara ukasema dada yangu ana mikono mizuri. Nikapewa mashimo matatu, la sita, la saba na la nane. Kung'oa magugu, na kutoa kaa. Wale kaa wadogo wa pwani walikuwa wanajificha kwenye mashimo, na mchezaji akiingiza mkono kuchukua mpira wake, anabanwa kidole. Ndiyo mkaniita Mama Kaa. Nyapara aliniambia siku ya kwanza, na hakurudia, hakuwa mtu wa kurudia: kila shimo lako likutwe tupu. Hayo tu. Na kwamba mwanamke atakayegusa mpira wa mtu ulio kwenye mchezo, saa hiyohiyo atoke langoni.

Mkwe, usisimame. Endelea kuandika.

Siku ya mashindano ya kombe ilikuwa wiki yangu ya tatu. Asubuhi mvua ilinyesha, kaa wakatoka wengi, nyapara akasema tusiondoke, tuyaangalie mashimo kila kundi likipita. Mimi nilikuwa nyuma ya kile kituta cha shimo la saba na ndoo yangu. Kundi moja likapita. Nikasikia mlio, tok. Nikadhani ni upepo umetikisa mti wa bendera, ule unaosimamishwa ndani ya shimo. Nikaenda kuangalia kaa. Ndani ya shimo hapakuwa na kaa. Palikuwa na mpira.

Mdogo wangu, nilikuwa sijui kitu. Nilijua wanaume hawa huusukuma mpira hadi ukaingia, kisha wanautoa. Nikadhani wale waliopita wameusahau. Sikujua kwamba binadamu anaweza kusimama kule, hatua mia na hamsini, nyuma ya kilima, haoni shimo, akapiga mara moja tu ukaingia. Nani angenieleza? Mimi nilielezwa shimo likutwe tupu. Nikautoa, nikautia kwenye mfuko wa aproni, nikarudi kwenye ndoo yangu nikijiona mfanyakazi hodari.

Hapo ndipo nikakuona unakuja mbio. Umewaacha mabwana nyuma, unacheka, mfuko wa fimbo unagonga mgongo. Ukapiga magoti ukatia mkono shimoni. Nakumbuka uso wako ulivyotoka pale chini. Wakafika yule bwana wako tuliyemwita Mikanda Miwili, aliyevaa mkanda na suspenda pamoja kama mtu asiyeiamini suruali yake, na mpinzani wake Jaji. Ukawaambia umeingia, umeusikia ukigonga mti wa bendera na kudondoka. Jaji akasema shimo ni tupu. Akataka mifuko yako. Ukaigeuza, ukatoka mpira wa akiba wa bwana wako, una nukta tatu za kijani kama mipira yake yote, na kila mbeba fimbo hubeba wa akiba, lakini Jaji akasema, kumbe ulitangulia mbio ili uutumbukize. Mikanda Miwili hakukutetea. Aliangalia viatu vyake.

Niliposikia nukta tatu za kijani, nilichungulia kwenye aproni.

Haya yote mengine unayajua. Lakini nayasema kwa sababu na mimi nilikuwepo. Ulisema, "Muulizeni dada yangu, alikuwa hapahapa." Wote wakageuka, na nyapara alikuwa ameshafika. Nami nikasema, "Mimi nilikuwa natoa kaa. Sikusikia kitu."

Ukavua kofia na ile fulana ya namba, ukaviweka juu ya majani, umevikunja. Mpaka leo sijui kwa nini ulivikunja.

Jioni nilisema nitakwambia, nikakuta umefunga sanduku. Asubuhi nikakusindikiza stendi. Ukaniuliza tena, taratibu, watu wasisikie, kama kweli sikusikia mlio wowote. Sikuwa na nyapara pale. Hapakuwa na Jaji. Ni mimi na wewe na sanduku. Nikasema hapana. Ningeweza kukwambia ni kwa sababu ya watoto na dawa za mume wangu, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilijiambia wewe una masikio, utapata kazi kokote, mimi nina nini, nina kaa. Nikaona wewe ndiye unayeweza kuubeba mzigo huo. Nikakupa, kama ulivyozoea kubeba mifuko ya watu.

Kumbe hukubeba tena mfuko wa mtu yeyote. Ukawa dereva, tena unaendesha madirisha yamefungwa. Mama alipokuwa mgonjwa aliniambia umempigia, ukamwambia labda siku ile ulisikia vibaya, maana dada alikuwa karibu zaidi na hakusikia. Mama akasema, mwanangu ameanza kuyakana masikio yake. Alisema hivyo akiniangalia. Sijui kama alijua. Nilimpa uji.

Mwezi uliopita, kabla ya ujumbe wako, nilipelekwa Mnara kwa pikipiki nikaseme. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu, akaniletea kiti. Nyapara amekufa, Jaji amekufa. Mikanda Miwili amekufa, na msichana akasema alicheza mpaka uzeeni akitafuta kuuingiza kwa pigo moja, hakupata. Alipata, mdogo wangu. Alipata na hakuambiwa. Nilikaa kwenye kile kiti nikagundua kwamba wote ambao ningewaambia wamekwisha, umebaki wewe peke yako, ambaye ulipaswa kuwa wa kwanza.

Mpira umo kwenye bahasha hii, ndiyo maana imevimba. Nimeuweka kwenye kopo la vifungo miaka yote. Nimeshonea soksi juu yake, za watoto na za wajukuu, ndiyo maana umekwaruzwa na sindano. Nukta moja ya kijani inaonekana vizuri. Mbili nyingine zipeleke kwenye mwanga.

Uligonga mti wa bendera, tok, ukadondoka. Ulisikia sawasawa.

Mimi sina la kuongeza, jambo ambalo hujawahi kuliona. Nisalimie wifi, mwambie asiinue ndoo. Nisalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mkwe anakusalimu, mwanangu hajarudi kutoka kazini, akirudi atakusalimu na yeye, na sijui nitamtazama vipi. Daktari mwambie Jabali siku moja, Mabwawa siku tatu, Mnara siku zote zilizobaki. Mkija, kama hutaki kuniona, pita nyumba yangu kama nyumba ya mtu usiyemjua, nitasikia gari na sitatoka nje. Lakini shimo la saba usilipite umekaa kwenye gari. Shuka, ubebe huo mfuko, umwambie Daktari fimbo gani.

Ni mimi dada yako,
Mama Kaa.