Karatasi Uliyoitupa

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, pasha tu. Mdogo anatoka shule saa tisa, usimsahau!

Asubuhi nimeikuta kwenye pipa la taka ile karatasi aliyoniandikia nesi, ya kikundi cha wanaoacha pombe. Eti majirani watatuonaje! Nilipoanguka mlangoni nimelewa, mchana kweupe, hao majirani walikuwa wamefumba macho? Nimeifuta majani ya chai, inasomeka: ukumbi wa nyuma ya maktaba, saa nane. Nakwenda.

Wifi akija kuniulizia, mwambie ~~niko sokoni~~ hapana. Miaka sita unanisitiri kwa uongo, nimechoka. Mwambie nimekwenda kuacha pombe. Ukiona aibu kutamka, mpe karatasi hii asome mwenyewe.

Na hii usiitupe.

Mama Watoto