Halla Anamngoja Baba

Kaisu mwanangu,

Naandika huku baba yako anamchana Halla manyoya kwa mkono wa kushoto, ule uliolegea tangu kiharusi. Manyoya meupe yanaelea jikoni polepole, mbwa kafumba macho. Natoka kidogo. Supu ya samaki samoni ipashe moto.

Asubuhi nilimpokonya baba yako brashi nimsaidie. Halla akaniacha, akaenda kuuegemea mkono ule mlegevu. Baba yako akacheka: “Unaona, Mama Kaisu? Mbwa ananingoja. Wewe je?” Iliniuma, maana ni kweli.

Manyoya usitupe, nitasokota nyuzi za soksi. ~~Akichoka, mmalizie upande wa pili.~~ Hapana, usiguse brashi. Halla atalala amechanwa upande mmoja. Uliobaki ni wa baba yako, kesho.

Mama