Vijiboksi vya Kadi Zetu

Najat wangu,

Huku Temeke mie mzima, ila baba yako ananizeesha. Kaahirisha harusi mara ya tatu, eti mjomba wako hajarudi kutoka Omani. Kwani anarudi kwa miguu?

Kadi zetu za mwaliko tarehe imeshapita, kwa hiyo nazikata vijiboksi vya zawadi, kama ninavyofanyaga na kadi kuukuu za Idi na Krismasi. Vinauzika hatari. Jana mama mmoja kafungua kifuniko, kayaona majina yetu.

"Hawa walishaoana?"

"Wanamsubiri mjomba."

Kacheka mpaka kakaa chini. Mie sikucheka.

Imebaki kadi moja. Sasa nakuuliza wewe, siyo baba wala mjomba: niikate, au nibadilishe tarehe kwa peni?

Mkasi ninao mkononi,
Mwishehe